Mkulima Yumo Kwenye Mfumo, Shamba Lake Halimo

Juni iliyopita nilikaa Nangurukuru saa tatu nzima, pale njia panda inapogawa safari ya Lindi, ya Kilwa Masoko na ya Liwale, nikisubiri gari la kunifikisha kwa mama yangu mdogo. Ulikuwa msimu wa ufuta. Pale kituoni kila mtu alikuwa na habari ya mnada, na katika mazungumzo yote niliyoyasikia neno moja lilirudiwa kuliko jina la zao lolote: mfumo. Mfumo unasumbua. Mfumo haujafunguka tangu asubuhi. Jina langu halisomi kwenye mfumo. Mzee mmoja aliyekalia gunia tupu alisema, bila kumwelekea mtu, kwamba zamani alikuwa akidaiwa na watu na sasa anadaiwa na mfumo, na mfumo huwezi kuupigia hodi jioni ukauomba ukuvumilie.

Nilikuwa nakwenda kijijini kwa sababu ya mfumo huohuo. Mwezi Aprili ng'ombe waliingia usiku katika ufuta wa mama mdogo, ekari tatu zilizokwisha kutia vitumba, na hadi alfajiri hapakubaki kitu cha kuvuna. Migogoro ya namna hii si migeni Kilwa. Mifugo imekuwa ikishuka kusini kwa wingi tangu wafugaji walipoondolewa Usangu miaka ya 2006 na 2007. Mwenye ng'ombe alijulikana, wala hakukana. Alikuja mbele ya serikali ya kijiji akiwa tayari kulipa, ila alitaka kujua analipa nini na kwa kipimo gani, jambo ambalo ni haki yake. Hapo ndipo ilipoletwa orodha iliyochapwa ya wakulima waliosajiliwa. Jina la mama mdogo lilikuwepo, namba yake ya usajili ilikuwepo, ekari tatu zilikuwepo, zao ufuta lilikuwepo. Shamba lilikuwa katika kitongoji kingine kabisa, mahali alipolima misimu miwili iliyopita kabla ardhi haijachoka.

"Kwa mujibu wa mfumo, mama, hapa huna shamba," aliambiwa.

Akatoa daftari lake. Akaambiwa kwamba hilo ameandika mwenyewe, na yeyote anaweza kuandika. Mwishowe alipewa fedha ya huruma ambayo haikufikia hata ujira wa vibarua wa palizi ya kwanza.

Daftari hilo nimelishika mkononi, na nataka msomaji wangu, hasa yule anayekaa ofisini Dodoma akiandaa fomu, ajue lina nini. Ni la kurasa 96, limefunikwa kwa karatasi ya kaki iliyotoka kwenye mfuko wa saruji. Lilianzwa mwaka 2020, baada ya mafuriko ya Januari mwaka ule kulichukua lililotangulia. Ndani yake mna tarehe ya kufyeka, tarehe ya kuchoma, tarehe ya mvua ya kupandia. Mna majina ya vibarua, ngwe alizolima kila mmoja, alicholipwa na alichobakia kukidai. Mna siku ambayo palizi ya pili ilicheleweshwa na msiba, na wiki ya Mei 2024 ambayo barabara ya Dar es Salaam ilikatika kule Somanga baada ya kimbunga Hidaya. Mna kilo alizopima nyumbani kwa mizani ya kuazima, na mbele yake kilo alizosomewa ghalani. Msimu wa 2023 nyumbani zilikuwa 412. Ghalani zikasomwa 397. Pembeni ameandika kwa wino mwekundu: "Kilo 15 zimekwenda wapi?"

Huenda zimekwenda kwenye unyaufu. Huenda mizani ya kuazima ilidanganya, au ya ghalani. Sijui, naye hajui. Lakini swali limeandikwa, lina tarehe, na katika mifumo yote ya kilimo niliyowahi kuonyeshwa nchini sijaona hata mmoja wenye nafasi ya mkulima kuandika swali.

Kwa daftari hilo aligundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia: ekari ya tatu haikuwa ikimpa kitu. Nguvu za nyumbani zilitosha ekari mbili. Ya tatu ililimwa kwa vibarua watupu, na ukitoa ujira, magunia na bodaboda ya kufikisha mzigo ghalani, kinachobaki ni vumbi la kupepeta. Aliendelea kuilima kwa sababu ya ada ya mjukuu na matumaini ya bei, lakini aliilima akijua. Mimi nasema hiyo ndiyo kumbukumbu ya shamba: maandishi yanayomwezesha mwenye shamba kuamua. Yale mengine tunayoyasifia kwenye mikutano ni usajili wa watu, na usajili una kazi yake, lakini si kazi hii.

Tazama yale tuliyoyajenga. Msimu wa 2022/23 wakulima wa nchi nzima waliandikishwa ili wapate mbolea ya ruzuku chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea. Bodi ya Korosho ina daftari lake, na ilituma vijana wa BBT wapite vijijini na vishikwambi kupima mashamba na kuhesabu mikorosho. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina MUVU, mfumo wa kusimamia vyama vya ushirika. Minada ya ufuta na korosho, iliyokuwa ya masanduku ya zabuni, imehamia kwenye skrini za Soko la Bidhaa. Wizara ina M-Kilimo. Kila mmoja kati ya mifumo hii humuuliza mkulima jina, namba ya NIDA, simu, ekari, idadi ya miti, na kila swali linatokana na haja ya anayeuliza: agawe salfa kiasi gani, atarajie ushuru kiasi gani, alipe kupitia akaunti ipi. Hakuna anayeuliza palizi imegharimu nini. Zao linapouzwa, halmashauri hupata ushuru wake wa asilimia tatu uliokokotolewa hadi senti ya mwisho, chama hupata chake, ghala hupata chake, na mkulima hupata ujumbe mfupi wa simu unaomwambia kiasi kilichoingia. Makato aulize kwa karani.

Nisieleweke vibaya. Simo katika kundi la wanaolilia karatasi kwa sababu tu ni ya zamani. Watu wa kusini tunakumbuka Novemba 2018. Wanunuzi walipogomea kupandisha bei, Serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kubeba mzigo. Kisha ukaja uhakiki. Wenye mzigo mkubwa walitakiwa kuonyesha mashamba yaliyouzaa, kwa kuwa ilijulikana kwamba humo maghalani mlikuwa na korosho za kangomba, zilizonunuliwa kwa bei ya kutupa kutoka kwa watu waliokuwa na njaa miezi mitatu kabla ya mavuno. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini hapakuwa na kumbukumbu ya kuaminika ya nani ana mikorosho mingapi, na kwa sababu hiyo mkulima halali alikaa miezi akihakikiwa pamoja na mlanguzi, huku ada za shule zikidaiwa. Anayesema usajili hauna maana hakuwepo, au alikuwepo upande wa kangomba. Na nani asiyejua hadithi za stakabadhi za mkono, zilizojazwa na karani mmoja kwa kalamu mbili? Mizani ya kidijitali ikisomwa mbele ya mwenye mzigo ni jambo jema, na nitakuwa wa kwanza kuipigia makofi.

Ugomvi wangu uko kwingine. Mkorosho ukishahesabiwa leo, mwakani utaukuta palepale. Ufuta unahama. Katika sehemu kubwa ya Kilwa mtu hufyeka shamba jipya, hulima misimu miwili au mitatu, magugu yakizidi nguvu na udongo ukilegea huliacha lipumzike na kusogea mbele. Kila mtoto wa huku analijua hilo. Fomu hailijui. Fomu imechorwa na mtu aliyefikiria kihamba cha mgomba na kahawa, chenye mpaka wa isale na kaburi la babu katikati, na kwake shamba ni nukta kwenye ramani isiyosogea. Ndiyo maana mama mdogo, ambaye ndani ya miaka sita amelima mahali patatu kwa ridhaa ya kijiji, alionekana kama mtu asiye na shamba siku aliyolihitaji kuliko siku zote.

Kuna jambo hapa ambalo wenzangu wanaharakati hawapendi nilitaje. Wapo wakulima wasiotaka shamba lao jipya lionekane, kwa sababu limefyekwa ndani ya msitu wa kijiji. Ufuta umekula misitu ya Kilwa, na mwenye macho anayepita barabara ya Liwale hahitaji takwimu. Lakini hebu fikiri: ikiwa kifaa pekee cha kuandikia shamba ndicho kifaa cha kukukamatia, nani ataandika kweli? Matokeo yake daftari la Serikali linabaki na mashamba ya juzi, msitu unaendelea kufyekwa pasipo kuandikwa popote, na yule aliyefuata utaratibu wote wa kijiji anahesabiwa sawa na yule aliyevamia usiku.

Wala si sisi peke yetu tunaosukumwa huko. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka kahawa, kakao na mazao mengine machache yathibitishwe, kwa alama za setilaiti za kila shamba, kwamba hayakutoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya mwaka 2020. Korosho na ufuta hazimo katika orodha hiyo. Leo. Zitakapoingizwa, mkulima wa Njinjo au Mitole atatakiwa kujitetea kwa kumbukumbu asizozimiliki, asizoweza kuzisoma, wala kuzisahihisha.

Historia ya pwani hii inatufundisha tuwe na wasiwasi na hesabu zinazotunzwa na upande mmoja. Chini ya Wajerumani, maakida walikuwa na orodha za kodi na za watu waliopaswa kwenda kwenye mashamba ya pamba, na aliyelima pamba ile hakuwa na njia ya kujua ilizaa nini wala iliuzwa vipi. Alipewa kiasi duni akaambiwa ndicho. Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete, humuhumu wilayani Kilwa, waling'oa mashina ya pamba, na yaliyofuata tunayajua. Sifananishi karani wa AMCOS na akida. Nalinganisha umbo la hesabu. Namba zinapanda kutoka kwa mkulima, na kinachoshuka ni jibu lisilo na maelezo.

Mwenzangu mmoja wa takwimu, mtu ninayemheshimu, huniambia daftari la mama mdogo haliwezi kuwa ushahidi kwa sababu mwenyewe ndiye mwandishi. Namuuliza: mwenye duka la Kariakoo huandikiwa hesabu zake na nani? Huziandika mwenyewe au humlipa mtu amwandikie, na mtoza kodi akija huanzia humo. Sheria yetu ya Ushahidi inatambua vitabu vya hesabu vinavyoandikwa kwa utaratibu wa kawaida wa shughuli, ingawa haiviachi visimame peke yake. Basi daftari la ufuta lenye miaka mitano ya tarehe, majina ya vibarua wanaoweza kuitwa wakaulizwa, na kilo zinazoweza kulinganishwa na stakabadhi za ghala, linakosa nini? Linakosa heshima tu. Daftari la mfanyabiashara tunaliita hesabu, la mkulima tunaliita hadithi.

Na kabla sijaonekana kama mtu anayenyoosha kidole akiwa amekaa kivulini, nami nimo. Mwaka juzi nilisimamia wanafunzi watatu waliotengeneza programu ya simu ya kutunza kumbukumbu za shamba. Ilikuwa nzuri, ina rangi, ina michoro ya mapato inayopanda kama mnazi. Niliwapa alama ya juu kabisa. Tulipoipeleka kijijini kuijaribu, skrini ya kwanza ilidai anwani ya baruapepe. Kati ya watu ishirini na wawili waliokuwa barazani, wenye anwani hiyo walikuwa wawili, na mmoja alikuwa mimi. Skrini ya pili ilitaka ukubwa wa shamba kwa hekta. Hakuna aliyefika skrini ya tatu. Tuliandika ripoti, tukasema wakulima wanahitaji mafunzo zaidi, tukalipwa posho. Nimeisoma tena ripoti ile mwaka huu, na sikumaliza ukurasa wa pili.

Mafunzo hayakuwa tatizo. Wengi wa watu wale wanatumia fedha za simu kila siku kwa kitochi, na hawakosei hata tarakimu moja. Huduma za Serikali za *152*00# zinafunguka kwa simu hiyohiyo bila intaneti, na M-Kilimo yenyewe imepitishwa humo. Kwa hiyo inawezekana. Na kama haiwezekani bila intaneti, tukumbuke Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na nchi ikabaki bila mtandao wa maana kwa siku kadhaa. Tukumbuke pia mwishoni mwa Oktoba 2025, mtandao ulipozimwa nchi nzima, mara hiyo si na bahari, nasi tukiwa katikati ya msimu wa korosho. Siku zote hizo daftari la kaki lilikuwa likifunguka.

Ninachodai kwa hiyo si kidogo, lakini si cha ajabu. Kila mkulima aliyeuza kupitia ghala apewe, kwa karatasi na kwa Kiswahili, taarifa ya msimu wake: kilo alizopokelewa, unyaufu uliohesabiwa na sababu yake, bei ya mnada, kila kato kwa jina lake, na kilichobaki. Namba hizo zote zimo tayari ndani ya mifumo. Kinachokosekana ni mtu wa kuamuru zichapwe. Shamba lihesabiwe kwa msimu, si kwa nukta ya milele, na serikali ya kijiji, ambayo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndiyo inayosimamia ardhi hiyo, iwe na uwezo wa kulihamisha kwenye orodha siku ileile inayoridhia mtu ahame. Shamba linalolimwa na mke na mume liandikwe kwa majina mawili. Nimeona orodha ambazo mtu akizisoma atadhani kusini hakuna wanawake. Na mkulima awe na uwezo wa kuongeza neno lake: gharama zake, pingamizi lake, kilo zake 15.

Hili la mwisho si fadhila. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa kila mtu haki ya kuona taarifa zake na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Mama mdogo alipotaka tu kusomewa yaliyoandikwa juu yake alielekezwa kwa mtu, mtu yule akamwelekeza kwa mwingine, na wa tatu alikuwa safarini. Nawauliza wanafunzi wangu wa sheria: mmeandika makala ngapi juu ya taarifa binafsi za watumiaji wa mitandao ya kijamii, na ngapi juu ya mkulima ambaye alama zake za vidole, zilizolika kwa jembe hadi mashine inazikataa, zimehifadhiwa katika mifumo minne tofauti asiyoweza kufungua hata mmoja? Na ninyi watumishi wa umma mnaonisoma, ambao najua wengi wenu ni watoto wa wakulima hao: nani kati yenu amewahi kujaza fomu anayoibuni, akiwa amekaa chini ya mwembe, bila umeme, kwa niaba ya mama yake?

Wiki iliyopita mama mdogo alinipigia simu kwa furaha kidogo. Kijana wa kishikwambi alikuwa amefika, kijana mwenye adabu, akatembea naye mpaka wote wa shamba kwenye jua kali, akahesabu, akabonyeza, akamwambia sasa kila kitu kimekaa sawa. Nikamuuliza ni shamba gani hilo lililopimwa. Alicheka.

"Lile lililoliwa na ng'ombe, mwanangu. La msimu huu bado nalifyeka."